Ukucha Mmoja

Shinikizo la zabibu limemvunja Lamara kifundo cha mkono.
Tamta anamwinua kwapa, ananigeukia:
Kwanza weka alama yako, mwalimu.

Naweka. Kidole kinapanda chini ya msuli,
kinatafuta mpigo
kama mtu apapasaye swichi gizani
nyumbani kwake mwenyewe.
Nachora msalaba wa wino wa buluu.
Hapa.

Anapaka jeli, anakandamiza kichwa cha mashine
juu ya msalaba wangu,
na mvua ya kijivu yaanza kunyesha kwenye skrini.
Ateri ni shimo jeusi, lapepesa.
Neva moja kushoto, sega dogo la asali.
Nyingine nyuma.
Na ya tatu, hii hapa, chini ya msalaba hasa,
pale ambapo ncha yangu ingeshuka.

Nilikosea kwa kupatia mno.

Tamta hasemi neno. Anasogea ukucha mmoja,
anaingiza sindano ubavuni, nayo yaonekana yote,
uzi mweupe;
dawa yajaa polepole kuizunguka neva
bila kuigusa.
Lamara anaendelea kulalamikia bei ya sukari.

Kutaisi, majira ya baridi ya tisini na tatu:
umeme saa mbili kwa siku, gesi ya usingizi hakuna,
taa ya mafuta mkononi mwa muuguzi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema;
changu kililaza mikono mia nne ganzi.
Tulifundishwa: mgonjwa akishtuka, umefika.

Zauri, fundi wa saa, alishtuka.
Aliruka kitandani kama samaki.
Nami
nilifurahi.

Kila vuli aliniletea jozi ndani ya soksi,
akizimimina mezani kwa mkono wa kushoto.
Kile kidole kidogo cha kulia, na jirani yake,
havikurudi.
Mungu alitaka, alisema.
Nilimwachia Mungu lawama hiyo miaka kumi na saba,
mpaka Zauri alipokufa.

Mkono huu si wangu, Lamara anacheka,
nani kauweka hapa kifuani?
Tamta anafuta kwapa kwa spiriti.
Jeli inatoka. Buluu haitoki yote.
Iache, namwambia,
kisha namwomba anipe kile kichwa cha mashine,
nakunja mkono wangu wa gauni,
nakiweka kwapani mwangu mwenyewe.
Nionyeshe, namwambia.
Anza pale nilipozoea.