Nusu Inchi

Miaka kumi na tisa nakata nguo hapa Kibokoni,
futi shingoni kama ulimi wa pili.
Najua nusu inchi inavyoweza kuharibu harusi.
Lakini kanzu ya Khelef niliyoimaliza Ijumaa
Jumatatu haikupita tumboni.
Nikasingizia kitambaa: kimerudi.

Bi Mwanakombo wa ghorofa ya chini akamfinya shavu:
"Mashallah, mwana ametononoka! Mwampa nini?"

Twampa nini.
Asubuhi ile alikuwa ameniita,
"Baba, mato yangu yakataa kufunguka,"
kope zimeumuka kama mahamri.
Jioni uvimbe ulikuwa umeshuka miguuni;
nikabonyeza, shimo la kidole likabaki
kama kwenye unga uliokandwa.
Na chooni, povu. Povu lisilovunjika,
kana kwamba mtu kamwaga maji ya kufulia.

Makadara, daktari, binti mdogo tu,
alichora nyuma ya kadi ya kliniki.
Figo, alisema, ni kifumbu:
tui lipite, chicha ibaki.
"Chake kinapitisha na chicha.
Protini yote yaenda na mkojo."
Na maradhi yenyewe huitwa ya mabadiliko madogo,
kwa kuwa ukilitazama figo kwa hadubini ya kawaida
huoni kitu. Hata uzi mmoja haujakatika.

Nilicheka. Samahani, daktari.
Madogo! Na viatu havimwingii.

Sasa kila alfajiri, kabla ya cherehani,
nachovya kijikaratasi katika kikombe chake
nahesabu hadi sitini, chinichini.
Njano, alhamdulillahi.
Kijani, napiga simu kliniki.
Achari, hapana. Kachiri za chumvi, hapana.
Vidonge vimempa uso wa duara na njaa ya usiku wa manane
na hasira zisizo zake:
juzi alinirushia sahani,
kisha akalia, akaomba mkate.

Mafua tu, yale ya siku za mvua, yalirudisha kijani.
Daktari asema wengi huachana nayo wakikua.
Wengi. Neno hilo nimelizungushia futi,
sijui likomee wapi.

Kanzu yake ya Idi nimeiachia pindo ndani,
inchi mbili kila ubavu.
Mama yake akauliza, mbona upana wote huo?

Leo njano, siku ya kumi na moja.
Pindo sikulipitisha cherehani.
Nimelishikiza kwa mkono, mishono mirefu,
uzi wa kuvutwa kwa kidole kimoja.