Tokeni za Shemeji

Alfajiri, Kiembeni, kioo kiliniambia: tisini na sita.
Kilomita tisini na sita, si haba kwa gari kongwe
lililokwisha kunywa umeme wa watu wengine huko Japani
kabla ya kushushwa Kilindini na kukopeshwa mimi.
Kwenda Mazeras ni thelathini na kitu. Kurudi, vivyo hivyo.
Hesabu ya darasa la tatu.
Nikalifunga trela.

Fundi Chigamba alilizunguka mara moja, akatema kokwa ya ukwaju.
"Ukikokota, kata katikati.
Kisha kata tena kidogo, kwa ajili ya kilima."
Trela ni tupu, nikamwambia.
"Tupu, lakini ona zile mbao za ubavuni.
Upepo hauulizi una kilo ngapi.
Unauliza kifua chako kina upana gani."

Nikacheka. Mishi hakucheka.
Alikuwa amekwisha kuketi, mkanda kifuani,
na orodha mkononi, nyuma ya karatasi ya kalenda:
cherehani, kabati la milango mitatu, sufuria sita na mifuniko mitano.

Makupa, sabini.
Kibarani, sitini na moja, na hatujafika popote.
Changamwe malori yalitubana, tukasota,
na ajabu, katika kusota kule namba zilitulia.
Njia ilipofunguka nikakanyaga,
nazo zikaanza kushuka mbilimbili
kama mtu aliyesikia kengele ya moto ghorofani.
Miritini nikazima kipoza hewa.
Nikazima hata redio, ingawa redio haili kitu.
Kilima cha Mazeras tukakipanda kimya, tukioga jasho,
nikimwona Chigamba katika kioo cha nyuma,
kifua kipana cha mbao kikitufuata.

"Kumi na moja," alisema Mishi.
Neno lake la kwanza tangu Kongowea.

Mwachiti alikuwa amevitoa vyote nje, akavifunika turubai.
Alitaka tupakie, twende.
Mimi pia nilitaka hivyo, Mungu ni shahidi.
"Shemeji," nikasema, na neno lenyewe
lilikuwa limechacha kama maziwa ya juzi,
"nina shida ya soketi."

Alilitazama gari. Akalitazama trela.
Mishi alitazama kucha zake.
Waya ulipita dirisha la chumba walichokuwa wakilala,
mita ikalia pi, pi, pi: uniti mbili zimebaki.
Mwachiti akanunua tokeni za mia tano kwa simu,
akasimama mbele ya mita, akakunja macho.
Haoni namba ndogo. Hakuwahi kuziona.
Mishi akainuka, akaichukua ile simu mkononi mwake,
akamsomea nne nne, kama ilivyokuwa kila mwisho wa mwezi:
"Sifuri saba mbili tisa." Akabonyeza.
"Tatu tatu moja nane." Akabonyeza.
Namba ishirini. Hakuna aliyekosea.

Tulingoja kuanzia saa nne mpaka saa kumi.
Chai ilikuja. Sukari ilikuwa kiasi chake Mishi.

Kurudi tulikuwa wazito, springi za trela zimelala,
kabati limesimama wima kama bibi harusi aliyenuna.
Lakini kuteremka Mazeras mzigo ndio uliotusukuma.
Nikaachia mguu, breki ikauvuna mteremko,
na mbele ya macho yetu themanini na moja
ikawa themanini na mbili, ikawa themanini na nne.
Mishi akainama karibu na kioo, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Kibarani upepo wa mkono wa bahari ulilikuta kabati,
ukachukua vyake vyote na riba.

Tuliingia Kiembeni na kumi na tisa.
Nilipokuwa nikifungua kamba,
yeye alikuwa juu ya kiti cha cherehani, palepale uani,
akikata vitu kimoja kimoja kwenye orodha yake.
Mfuniko wa sita haukupatikana.
Kisha akageuza kalamu, akaongeza mstari chini kabisa,
kwa mwandiko wake mdogo ambao Mwachiti asingeweza kuusoma:

tokeni, mia tano.

"Tutamrudishia lini?" akauliza.
Nikajifanya kamba imekaza.