Lisemwalo Halipo

Saa nane mchana, na hapa Alta giza limeshatanda.
Risten anaingia maktabani, buti zake zikiacha vidimbwi
ambavyo nitavipiga deki mimi.
Ananigeuzia kompyuta: "Torhild, nimemaliza.
Lemingi hujiua. Wale panya wetu wa nyanda za baridi.
Kila baada ya miaka kadhaa hujipanga kama jeshi,
huenda gengeni, hujitupa baharini.
Kurasa kumi na moja zimesema."

Kumi na moja. Analitamka kama hakimu afungaye jalada.

Sibishani na mtoto wa miaka kumi na nne
mwenye mashahidi kumi na mmoja.
Namvutia kiti. Nampa penseli
na ratiba ya mabasi ya mwaka jana, upande mweupe.
"Chora," nasema. "Nani kamwambia nani."

Ukurasa wa kwanza una picha ya kupendeza, mwandishi hauna.
Wa pili umenakili wa kwanza;
hata kosa la tahajia limehama na mizigo yake.
Wa tatu unauza mablanketi.
Wa nne unautaja wa sita, wa sita unautaja wa tisa,
na wa tisa, bila haya wala soni,
unautaja wa nne.
Penseli inazunguka, inazunguka,
mpaka karatasi inatoboka.

Anatazama tundu.
"Basi si kumi na moja," anasema.
"Ni mmoja, na mwangwi wake."

Wapo wahenga waliosema lisemwalo lipo,
na kama halipo, laja.
Wahenga hawakuwa na intaneti.
Siku hizi lisemwalo mara elfu
laweza kuwa halipo, wala haliko njiani,
lina matangazo tu pembeni.

Tunaanza upya, polepole, kama watu wanaotafuta pete zuliani.
Tunabisha hodi vyuo vikuu, vituo vya utafiti.
Saa nzima inapita, na nusu ya biskuti zangu,
ndipo tunaufikia ukurasa wa kijivu, mbaya wa sura,
majedwali matupu:
mitego mingapi, lemingi wangapi,
masika na vuli, miaka thelathini.
Majina matatu chini yake, na anwani,
na namba ya simu ya mtu anayeweza kuulizwa.
Wanasema mwaka wa neema lemingi hufurika,
hubanana, huhama; wakifika mtoni huogelea.
Wengine huzama.
"Kuzama si kujiua," ananong'ona Risten.
Halafu sentensi ninayoipenda kuliko zote:
*Kwa nini idadi hushuka ghafla, bado hatuna hakika.*

Mwongo hana sentensi hiyo. Mwongo anajua kila kitu.

Risten hatosheki. Anampigia shangazi yake Máret,
mchungaji wa kulungu wa kaskazini,
aliyeikanyaga nyanda ile miaka mingi kuliko umri wangu kazini.
"Nimewaona," sauti inakwaruza simuni.
"Walikuwa wanavuka. Walitaka ng'ambo, basi."
Ningeridhika. Lakini mtoto ameshika penseli:
"Mto gani, shangazi? Mwaka gani?
Uliwaona kwa macho yako, au uliambiwa?"

Kimya. Namwonea huruma Máret.
"Mwaka ule," anasema hatimaye, kwa sauti ya aliyeguswa kidonda,
"ule Biret alipovunjika mkono."
Risten anaandika: *kumuuliza Biret, mkono, lini.*

Anafunga mkoba. Mlangoni anageuka,
kofia imemfunika nyusi,
na mimi tayari nimeshika mpini wa deki.
"Na wewe, Torhild? Ulijuaje kwamba si kweli?"

Ningeweza kumjibu kwa hekima.
Namwambia yaliyokuwa:
nilipoanza ualimu, miaka sita mfululizo,
niliwafundisha watoto wa watu kwamba lemingi hujitupa.
Nilikisoma mahali. Kitabu kilikuwa na jalada zuri.

"Mahali gani?" anauliza.

Sikumbuki.

Anatikisa kichwa, anatoka,
na baridi inaingia badala yake.