Robo

Kila Jumanne nafungua jokofu la zahanati
na kupanga vichupa vya damu kwa majina ya koo:
Cadeddu, Piras, Murgia, Piras tena.
Natia tone kwenye kioo, nalitandaza, nainama.
Chembe za Barore Cadeddu ni ndogo, zimepauka
kama sarafu zilizopita mikono mingi mno.
Naandika: mbebaji.
Chembe za Assunta Murgia, mchumba wake, vilevile.
Naandika: mbebaji,
kisha naosha mikono iliyokuwa safi.

Harusi ni Septemba, zabibu zikishavunwa.
Mwanakondoo ameshachaguliwa.

Kesho watakuja wameshikana vidole
nami nitawachorea kile kisanduku,
nyumba ya vyumba vinne isiyo na jiko wala dirisha.
Juu nitamwandika yeye, ubavuni huyu,
kila mmoja na jeni zake mbili: nzima moja, pungufu moja.
Chumba cha kwanza, mtoto karithi nzima mbili.
Cha pili na cha tatu, mtoto kama ninyi:
atapiga mpira, atakopa, atazeeka akilaumu magoti.
Cha nne...
Kalamu zangu zote huishiwa wino chumba cha nne.

"Basi tukizaa watatu tu, tumeponea?"
Barore atauliza; huuliza wote.
La. Kila mimba ni karata zilizochanganywa upya,
na mchanganyaji hakumbuki mchezo uliopita.
Mama alizaa watatu.
Priamo akaingia cha nne, Vissenta akamfuata humo humo,
mimi nikakwama kizingitini.
Robo haikai kwenye nyumba moja.
Robo hukaa kwenye daftari la kisiwa kizima.

Daktari wa Cagliari hataki majina, anataka viwango.
Kijiji hiki, anasema, aleli hiyo ni moja kwa kumi.
Moja ya kumi mara moja ya kumi: mgonjwa mmoja kwa mia.
Mmoja tu, anasema, na kufunga kalamu.
Lakini hesabu yake yenyewe ina mkia:
kwa kila anayelala chini ya mfuko wa damu
wapo kumi na wanane wanaokamua kondoo, wanacheka,
hawajui wamebeba nini.
Humo ndimo aleli inamojificha.
Ndiyo maana haiishi kwa kuzika watoto.

Kule milimani alikozaliwa mume wangu, kwa wachunga mbuzi,
ni nadra, utafute.
Huku chini palikuwa na kinamasi
na homa waliyoiita hewa mbaya.
Mwenye jeni nzima mbili alitetemeka, akaenda.
Mwenye moja ya kila aina alitetemeka, akaamka, akazaa.
Vizazi vikapiga hesabu bila kalamu.
Halafu wakaja watu na mapipa ya dawa mgongoni;
tarehe ya kunyunyiza ingali ukutani kwa bibi, rangi nyeusi,
juu ya kitanda alichofia Priamo.
Mbu wakaisha. Kinamasi sasa ni matikiti na mpunga.
Adui kaondoka, mlinzi hajaambiwa,
bado analinda, na mshahara wake ni ule ule.

Assunta ndiye atakayeuliza la mwisho,
Barore akiwa anatafuta funguo:
"Na wewe? Mumeo ulimpima kabla?"
Nitamwambia kweli.
Vichupa viwili vilikaa jokofuni siku tisa.
Changu nilikijua. Chake nilikipa kisogo.
Siku ya kumi niliinama:
chembe nono, nyekundu, za mtu wa mbuzi.
Nilifurahi. Nikaona haya kufurahi,
nikazima taa ya darubini, nikakaa gizani
na majina mawili.

Barore atakuwa amekunja karatasi mara mbili,
vyumba vinne vikalaliana,
asijue tena kipi ni kipi.