Haja Ndogo

"Huyu hajakojoa tangu Oktoba,"
Risten ananinong'oneza.
Tumelala kifudifudi mlangoni pa pango,
theluji ya Machi imetujaa shingoni.
Mimi ni dereva tu wa pikipiki ya theluji.
Nimepewa tochi nishike.

Dubu jike, kilo tisini,
amechomwa dawa ya usingizi juu ya usingizi wake.
Moyo: mara kumi na mbili kwa dakika.
Nilidhani nimekosea, nikahesabu upya.
Risten anatafuta mshipa pajani,
kichupa kinajaa polepole, chekundu, kizito.

Sikuwahi kuziwaza figo.
Unakula, mwili unabakiwa na makapi;
ini linaipoza sumu kali iwe sumu pole,
damu inaibeba, figo zinaichuja,
usiku na mchana, bila kudai mshahara,
nawe unainuka mezani, unasema:
naenda haja ndogo.

Ndogo!

Muulize Ánte, kaka yake Risten,
aliyekuwa akilala nje na kulungu aktiki wake
mpaka figo zilipomgomea, zote mbili.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
basi la alfajiri, kilomita tisini na tano hadi Gällivare,
sindano mbili mkononi,
na kwa muda wa saa nne damu yake inatembea nje yake
ndani ya mashine inayonguruma kama jokofu bovu.
Maji anapimiwa kwa kikombe cha mtoto.
Kiu ikimzidi, hulamba kipande cha barafu,
yeye aliyezaliwa katikati ya barafu.

Dubu hatupi kitu.
Kibofu kinarudisha, damu inapokea,
vijidudu vya utumboni vinaichambua ile taka,
na mwili unaifuma tena iwe nyama.
Anaamka Aprili, mwembamba,
lakini misuli yake iko palepale.
Vipi? Risten ana miaka saba analiuliza pango.

Jioni simu inalia. Ni Ánte.
"Haya, amekwambia siri yake?"
"Amekoroma tu."
Wanacheka, halafu kimya,
halafu anamuuliza kama amekula.

Mimi nikatoka, nikazunguka nyuma ya msonobari,
nikafungua zipu kwa vidole vilivyokufa ganzi.
Theluji ikatoboka, njano.
Mvuke ukapanda hadi usoni.
Nilisimama pale muda mrefu kuliko haja yenyewe,
kama tajiri aliyefumaniwa
akihesabu fedha zake.