Miligramu Hamsini

Punta Arenas, Juni. Jua huchomoza saa nne asubuhi,
na saa kumi na moja na nusu limeshajizika lenyewe.
Mimi ni tarishi. Miaka kumi na tisa nabeba barua za watu,
na tangu Machi hakuna hata moja iliyonihusu;
bili yangu ya umeme niliisukumia chini ya godoro.

Herminda ndiye aliyenipeleka. Hakunisihi.
Alileta koti, akashika kitasa, akasubiri.

Danica wa duka la dawa ana kidole kilichopinda
na hapendi maneno makubwa.
"Wewe mtu wa posta, nikueleze kiposta.
Kichwani mwako seli moja inaiandikia nyingine.
Barua inaitwa serotonini. Inawekwa kizingitini,
kisha yule yule aliyeituma anarudi mbio kuichukua.
Kidonge hiki kinamshika mkono: ngoja,
iache pale, labda mwenye nyumba ataamka."

"Kwa hiyo hakiandiki barua mpya?"
"Hakiandiki."
"Na hayo ndiyo maradhi yangu, barua kuwahiwa?"
Akapangusa kaunta isiyo na vumbi.
"Hapo hata waliosoma kunizidi hawajakubaliana.
Tunajua kinachozuia. Kwa nini wengi huamka, bado."

Nilimpenda kwa neno lile, bado.

Wiki ya kwanza: kichefuchefu, miayo, jasho la usiku shingoni.
Ya pili nikaulaani ukoo mzima wa wakemia.
Kitandani mwili ukawa simu iliyozimwa sauti;
Herminda akacheka, nami nikapata aibu kabla ya nafuu.

Hapa upepo ukichachamaa, hufungwa kamba barabarani
tushikilie tusipeperushwe.
Wiki ya tano nilikuwa nimeishika, mfuko ukinivuta kuelekea majini,
nikasikia harufu ya mkate.
Si furaha, nisidanganye. Mkate tu,
kutoka tanuri la kina Barría. Ikaja, ikakaa.
Kamba haikuuzima upepo.
Kamba haina ugomvi na upepo.

Agosti nikataka kuacha, ghafla, kama mwanamume.
Siku mbili tu, vijiumeme vikawa vinanipiga nyuma ya macho.
Danica hakugomba. "Kuacha nako kuna ngazi,
na daktari ndiye anayeishikilia. Usiruke."

Leo nimeitoa ile bili chini ya godoro.
Imepitwa na tarehe mara tatu.
Nimeisoma yote, mpaka zile herufi ndogo za chini.