Saa ya Shangazi Dorsila

Miaka kumi na tisa alifua mashuka pale Russia,
hospitali yetu ya Kisumu. Daktari mmoja
akirudi kwao alimwachia saa hii:
jua la shaba, miale ishirini na minne,
mmoja umepinda tangu tuhame Kaloleni.

Katikati ni mbao, nyekundu kama chai ya rangi,
na neno lisilosomeka.
Herufi ya kwanza ni R iliyogeuza kichwa
kama aliyeitwa njiani.
Sisi watoto tuliamua limeandikwa Dorsila.

Mshale mfupi ukigusa moja
yeye husema: saa saba, injikeni sufuria.
Nusu karne saa inasema lake,
naye anaitafsiri bila kuikosoa.

Fundi wa Jubilee alitaka kuitia betri.
Thubutu! Ufunguo
unaning'inia shingoni pake pamoja na rozari;
Jumapili baada ya misa anapanda kigoda,
anazungusha mara kumi na moja,
ya kumi na mbili anamwachia Mungu.

Jana ilisimama.
Tukanyamaza nyumba nzima,
tukasikia, kwa mara ya kwanza,
friji.